Adui Aliyewaita Ng'ombe

Jina lake la ubatizo ninalijua, ila sitaliandika hapa. Mpanda nzima ilimwita Adui, akaitika. Mkewe akaitwa Mama Adui, akaitika pia, ingawa kwa kununa. Mimi waliniita Stelingi, na mpaka leo mtu akija buchani kwangu Majengo kununua nusu kilo ya steki ataanza na "Shikamoo Stelingi" halafu ndipo aulize bei. Nimenenepa, magoti yananisumbua, sijarusha ngumi miaka mingi, lakini jina limekataa kutoka. Kama ulikulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, kama sisi, sheria unaijua: stelingi hafi, na adui haoni mwisho wa filamu. Tuliishi kwa sheria hiyo, yeye upande wake na mimi wangu, na wa kwake ndio uliokuwa mzito.

Alizaliwa vipi na ukoo wake upi, hayo kawaulize watu wa kwao, kijiji cha Mamba. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, amekaa nje ya kibanda chake, kisu mkononi, anachonga katambuga, vile viatu vya tairi ambavyo wachungaji wanavivaa porini mpaka viwazike. Alikuwa mrefu, mashavu yameingia ndani, macho mekundu. Ukimwona mara ya kwanza unashika mfuko wako. Ukimsikia akiongea unauachia, maana sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

Wakati huo tulikuwa tumerogwa na filamu za kauboi. Kila Jumapili tulijazana kwenye kibanda umiza, dijei anatafsiri juu kwa juu, anawapa wale Wazungu maneno ambayo wenyewe hawakuyasema. Kati yetu alikuwepo jamaa mmoja, mpiga video wa harusi, ndiye baadaye tulimwita Mwongozaji. Siku hiyo tunatoka, akasimama mlangoni akasema, "Nyie, hivi hawa wana nini ambacho sisi hatuna? Ng'ombe tunao. Vumbi tunalo la kugawa. Kofia za pama Wasukuma wanazo tangu zamani. Tunasubiri nini?"

Mtu akajibu kutoka nyuma, "Farasi."

"Farasi tutawaona mbele ya safari," akasema Mwongozaji. Hatukuwaona mpaka kikundi chetu cha filamu kinakufa.

Stelingi nikawa mimi, kwa sababu nilikuwa na kifua na meno mazuri, nasema ukweli, sababu nyingine haikuwepo. Adui tulimtafuta. Mwongozaji alikuwa amepeleka viatu kurekebishwa, akamtazama fundi usoni mpaka akasahau kilichompeleka. "Mzee," akamwambia, "samahani, lakini una sura ya ubaya." Yule bwana hakukasirika. Akaweka kisu chini, akauliza, "Huyo mbaya wenu, mwishoni anakuwaje?"

"Anakufa."

"Basi nakuja."

Tulicheka sana jibu hilo. Tukafikiri tumepata mcheshi.

Na kufa, jamani, alijua. Mimi nilipiga ngumi, nilirusha mateke, nilifyatua bastola ya mti iliyopakwa rangi ya viatu, lakini watu walikuwa wanamwangalia yeye anavyoanguka. Nikimpiga risasi ya tumbo hakuanguka pale pale. Alisimama kwanza, akatazama huku na huku, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ndipo magoti yakalegea. Siku moja nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema kufa ni kama kushusha gunia la mpunga, ukilitupa linapasuka, inabidi ulisindikize mpaka chini. Alianguka kwenye miiba, alianguka kwenye mto Katuma maji yakiwa ya kahawia, alianguka kutoka juu ya chanja la kukaushia mahindi likamfuata mgongoni. Hakulalamika hata mara moja. Alichokuwa hataki ni mimi kumpiga kwa kubembeleza. "Stelingi, usinionee huruma," alininong'oneza katikati ya pambano, kamera inaenda. "Piga kama umeibiwa wewe."

Mkewe ndiye hakupenda. Alikuwa anakuja na ndoo ya maji kichwani, anamkuta mumewe amelala mavumbini na nyanya iliyopondwa kifuani, basi anaanza. "Huo ni uchuro! Unakiita kifo kila mwezi, ipo siku kitakuitikia!" Adui anafumbua jicho moja, anasema taratibu, "Mama Sabina, tunarekodi." Sauti ya huyo mama ipo mpaka kesho kwenye filamu yetu ya pili, mtu akisikiliza vizuri.

Mtu mwingine wa kufa kila siku angeringa au angenung'unika kwamba sifa zote zinakwenda kwa stelingi. Yeye alikuwa msaidizi wangu bila kuombwa. Kuna filamu natakiwa kumkimbiza nikiwa juu ya farasi, na farasi wetu alikuwa punda wa mama mmoja muuza maji. Adui kaanza kukimbia, vumbi limetimka, Mwongozaji anapiga kelele "Mkimbize! Mkimbize!" na punda kasimama. Nampiga mateke, anatikisa masikio tu. Adui alishafika mbali, akageuka, akaona, akarudi mbio mpaka tulipo, akamshika punda hatamu akamvuta, akamkokota mpaka akachanganya miguu, halafu akamwachia na kukimbia tena mbele yangu, anapiga ukelele wa woga. Ndivyo ilivyobaki kwenye filamu. Watu wa Mpanda waliiona wakasema huyu adui ana roho nzuri ajabu, anamsaidia stelingi amkamate.

Na ni kweli alikuwa nayo, ndiyo maana alituchanganya. Mbwa wote wa Majengo walikuwa marafiki zake. Alipita buchani kwangu jioni kuomba mabaki, sikumuuliza ya nini, nilijua ni ya mbwa. Hakuna mbwa aliyembwekea. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, hata siku ya kipaimara ya binti yake. Akiona zizi la mtu, hata zizi tuliloazima sisi kwa filamu na ruhusa tumeshapewa, alisimama nje na kumwita mwenye mali, "Mzee, naomba niingie." Mara ngapi nimemwambia, "Adui, ruhusa tunayo." Anajibu, "Ya kwenu. Mimi naomba yangu."

Halafu kulikuwa na ile tabia ya kuomba msamaha. Hapa ndipo nilipotakiwa kushtuka, sikushtuka. Filamu zilivyosambaa, kwanza kwa sidii, baadaye kwenye memori kadi za simu, watu walianza kumsumbua. Sokoni mama mmoja alimnyima nyanya mbele yetu. "Wewe? Uliyemwibia yule mjane ng'ombe wake? Hupati nyanya hapa, kaa mbali na genge langu!" Anatania nusu, nusu hatanii. Mwigizaji yeyote angesema mama, yale ni maigizo. Adui alivua kofia. "Nisamehe mama. Nilikosea," akasema, na machozi yakamlengalenga. Yule mama akampa nyanya na nyongeza juu. Watoto wakimfuata "Adui mwizi! Adui mwizi!" anageuka anawaambia, "Kweli wanangu, msiwe kama mimi." Mimi nilikuwa nashika mbavu. Nilisema huyu bwana haachi kuigiza hata akilala.

Mara moja Mwongozaji alitaka kumbadilishia. Akaandika hadithi ambayo adui anatubu, anasamehewa, na mwisho wanakula wote pilau. Adui alisikiliza mpaka mwisho, halafu akakasirika. Sikuwahi kumwona hivyo. "Haiwezekani," akasema. "Watu wamelala njaa kwa ajili yake, halafu mwizi anakula pilau? Kwa kazi gani aliyofanya? Niueni kama kawaida." Mwongozaji akasema sawa, basi filamu inayofuata wewe ndiye uwe stelingi, umeitumikia. Nakumbuka roho ilinipasuka. Adui akatikisa kichwa: "Mwacheni Stelingi na kazi yake." Nikashusha pumzi. Nilifikiri ameniachia kwa upendo, na nilimshukuru kwa kumnunulia soda.

Sasa nieleze ile filamu ya ng'ombe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Ilikuwa tunarekodi maeneo ya Magamba, kwenye zizi la kuazima. Kwenye hadithi ni usiku, ila taa hatukuwa nazo, kwa hiyo tulirekodi saa nne asubuhi, na Adui akapewa tochi ili watu wajue ni usiku. Alitakiwa aingie na fimbo, awafukuze ng'ombe, "hoo! hoo!" akimbie nao. Akakataa. "Hivyo mnaamsha kijiji," akasema. Aliomba chumvi. Akaingia taratibu, akamtafuta jike linaloongoza wenzake, akang'oa nyasi akaijaza kengele yake mpaka ikawa bubu. Akamlambisha chumvi kiganjani. Kisha akawapa mgongo wote, akaanza kutembea kutoka, na kooni akatoa mlio mdogo, mluzi si mluzi, wa kushuka chini. Lile jike likamfuata. Na wengine wakalifuata jike, mmoja nyuma ya mwingine, kimya kabisa, mpaka wakaisha zizini. Alikuwa amewaona wale ng'ombe kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hiyo.

Tulipiga makofi mpaka Mwongozaji akatugombeza. "Mwizi wa filamu anawafukuza ng'ombe," Adui akatuambia, bado ameshika tochi, "mwizi wa kweli anawaita." Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Filamu ile ilifika mbali kuliko zote, hata watu wa Sumbawanga walinipigia simu kunipongeza, mimi, stelingi.

Binti yake Sabina alipopata mchumba tulifurahi mtaa mzima. Nimemwona akikua, ananiita baba mdogo. Kijana alikuwa bwana mifugo, Msukuma, mpole, anampenda kweli. Kwao ni Magamba hapo hapo, wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini zamani, wakakaa kwanza kule Mamba, baadaye wakahamia huku. Mshenga alikwenda akarudi vizuri. Mara ya pili akarudi kanywea. Babu wa kijana, mzee mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile, ameona filamu. Anasema hatoi neno mpaka apate mtu wa kumweleza jambo moja.

Mama Adui alikuja buchani na kanga mkononi, analia. "Shemeji, Sabina hali chakula. Nenda wewe, wewe watakusikiliza. Na baba yake usimwambie, atakuzuia." Nikavaa shati la kola, nikapanda bodaboda. Nilijua nimeitwa kufanya kazi yangu.

Mzee nilimkuta amekaa kwenye kiti cha uvivu, mjukuu pembeni ameshika simu. "Mwangaluka, mzee wangu." "Mwangaluka." Tukanywa maziwa ya mgando. Hakuzunguka sana.

"Nimeiangalia pale anapowatoa zizini," akasema. "Nimerudia mpaka hawa watoto wamechoka kunishikia simu. Ng'wanawane, mwanangu, mimi mwizi wa kwenye filamu simwogopi. Nauliza kimoja tu. Wale ng'ombe walikuwa wake?"

"Hapana mzee. Tuliazima."

"Walikuwa wanamjua?"

Nikaona mtego, au nilidhani nimeuona. Nikisema hawamjui, basi mkwe wao ni fundi wa wizi, na harusi imekufa. Nikacheka kidogo, ule mcheko wa mtu anayetoa siri za kazi. "Mzee, filamu ni uongo mtupu. Alikaa na wale ng'ombe mwezi mzima, anawalisha kwa mkono, mpaka wakamzoea kama mama yao. Bila hivyo, ng'ombe gani atamfuata mtu asiyemjua?"

Alitazama upande wa zizi lake. "Kweli," akasema. "Ng'ombe gani." Akarudia tena kwa sauti ya chini, "Ng'ombe gani." Kisha akamwambia mjukuu aizime simu, harusi iendelee. Nilirudi mjini naimba kwenye bodaboda.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Adui kumpa habari. Nilimkuta anakata tairi. Nikamsimulia yote, na mikono juu, naigiza sauti ya mzee. Kisu kikasimama.

"Alikuuliza hivyo? Kama walikuwa wananijua?"

"Hivyo hivyo."

"Na ukasema wananijua."

"Ningesema nini sasa? Nimekuokoa, bwana!"

Akaniambia nikae. Nikakaa juu ya rundo la matairi, na hapo ndipo nilipomjua mtu niliyemuua kwa miaka yote ile. Alipokuwa kijana kule Mamba, kabla hajaoa, alichunga ng'ombe wa watu, na ng'ombe walimpenda. Wanaume fulani wakaliona hilo wakamchukua. Kazi yake ilikuwa moja, kuwaita. Mbwa aliwazoesha kwa nyama siku za mwanzo, ng'ombe akawatoa kwa chumvi, wale wengine wakawapokea mbali. Zizi moja walilolimaliza lilikuwa la familia iliyohamia karibuni, watu wa kaskazini. Asubuhi wenye mali waliamka, mbwa hawakubweka, kengele hazikulia, mlango wa miiba umefunguliwa vizuri na kuegeshwa pembeni. Wakasema hii si kazi ya mgeni. Ng'ombe hamfuati mgeni. Mwenye zizi alikuwa na mdogo wake ndiye aliyekuwa anachunga. Akamtuhumu, akampiga, akamfukuza na kumkataa mbele ya ukoo. Yule kijana aliondoka na shuka alilokuwa amejifunika.

"Nilizisikia habari mnadani," Adui akasema. "Nikanyamaza. Niliacha ile kazi, lakini nilinyamaza."

Sikuhitaji kuuliza mwenye zizi ni nani.

"Mshenga alipotaja ule ukoo nilijua. Nilikuwa najipanga kwenda mwenyewe. Nimwambie, mzee, yupo mtu anaweza kuwaita ng'ombe wa watu, ndiye mimi, mdogo wako mrudishe. Binti yangu wakimkataa, wamkatae. Yeye ameona ile filamu akaanza kujiuliza. Alikuwa anaomba mtu mmoja tu amwambie kwamba inawezekana." Akaokota kisu, akakiweka tena. "Ukamwambia haiwezekani."

Nikasema twende sasa hivi, nitasema nilidanganya. Akanitazama na yale macho mekundu. "Harusi imekubaliwa leo. Sabina amekula leo. Nenda wewe ukamwambie asile." Sikwenda. Wala yeye hakwenda. Na akaongeza neno ambalo limenikaa zaidi ya yote: "Uliponiambia kwamba amekubali, Stelingi, mimi nilifurahi kwanza. Kabla ya kitu chochote nilifurahi. Hiyo ndiyo mbaya."

Tangu hapo hakuigiza tena. Mwongozaji alimfuata mara nyingi. Alimjibu, "Nimechoka kufa kwa uongo." Kikundi kikavunjika, maana nani anataka stelingi asiye na adui.

Mungu ana adhabu zake, na hii aliipanga vizuri. Mzee wa Magamba alimpenda Adui kuliko wakwe zake wote. Kila sherehe alimwita akae naye, wanakunywa kutoka kibuyu kimoja. Nami nilikuwa nao mara nyingi, maana Sabina hakuniacha nyuma. Mzee akishakunywa anaanza habari ya mdogo wake. "Nilikuwa na mdogo wangu, mwizi." Anaeleza jinsi alivyomlea baada ya mama yao kufariki, alivyomfundisha kukamua, alivyokuwa anacheka. Halafu analaani. Halafu anauliza wapitaji kama kuna aliyewahi kumwona, labda yuko Inyonga, labda alivuka kwenda Tabora. Adui anakaa pale na kibuyu mikononi, hanywi. Mimi natazama viatu vyangu. Tukiondoka tunatembea bila kusemezana mpaka barabara kubwa, na kila mmoja anasubiri mwenzake aanze kusema twende tukamwambie. Huwa tunasema leo amechoka. Tunasema mtoto wa Sabina mdogo bado. Tunasema baada ya mavuno. Hatia ninayo, siifichi, na sikuibeba peke yangu, lakini kuibeba wawili hakukuipunguza. Kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake kama ushahidi.

Mzee amefariki mwaka huu, mahindi yakiwa yamekauka shambani. Alilala, hakuamka.

Msibani tulikaa na Adui kwenye benchi moja. Amezeeka sasa, mikono inatetemeka, kisu ameacha kushika. Ulipofika wakati wa wasifu wa marehemu, mjukuu mmoja akasoma: wazazi wake, safari yao ya kutoka kaskazini, wake, watoto, wajukuu, vitukuu. Kwenye ndugu alisoma dada zake tu. Mdogo wake hakutajwa, kama hakuwahi kuzaliwa. Nilimsikia Adui pembeni yangu anavuta pumzi.

Wakwe walipoitwa kusema neno, akasimama yeye. Alishika kofia yake ya pama kifuani, akaangalia jeneza, akamwangalia Sabina na mtoto mgongoni. "Nilikuwa na neno la kumwambia mzee huyu," akasema. "Nimechelewa." Akakaa. Watu wakaitikia kwa kuguna, wengine wakafuta machozi. Jamaa wa nyuma akasema mkwe ameongea kwa uchungu.

Baada ya mazishi Sabina alitufuata nyuma ya ghala na sinia la wali. Akaliweka chini, hakuondoka.

"Baba, ulikuwa na neno gani la kumwambia babu?"

Mimi, Mungu anisamehe, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Kwamba alitaka kumshukuru. Kwamba alitaka kumwomba baraka za mtoto. Nilishafungua kinywa. Adui akanyoosha ule mkono wake unaotetemeka akauweka kwenye goti langu.

"Nyamaza, Stelingi. Hii ni yangu."

Akamwambia. Hakuigiza kitu. Aliongea kwa ile sauti yake ndogo, chumvi, mbwa, mlango wa miiba, yule kijana na shuka lake, hakuruka hata kile ambacho kingeweza kurukwa. Sabina alisimama wima mpaka mwisho. Wali ukapoa, kuku wakaja kuudonoa, hakuna aliyewafukuza. Alipomaliza, Sabina akageuza uso kwangu.

"Na wewe, baba mdogo, ulijua?"

"Nilijua, mama. Na ni mimi niliyemwambia babu kwamba haiwezekani."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni, akampakata, akafunga kanga yake upya kiunoni.

"Babu amekufa anamlaani mtu bure," akasema. "Na huyo mtu kama yupo, ana watoto. Wanaitwa watoto wa mwizi."

"Mwanangu," Adui akaanza, "fikiria ndoa yako kwanza. Hawa watu..."

"Ndoa yangu nitaijua mwenyewe. Ukoo wote uko pale, kesho wanatawanyika. Inukeni."

Adui alinitegemea bega kuinuka. Hakurudisha kofia kichwani. Akatangulia yeye, Sabina akafuata na mtoto, mimi nikawa wa mwisho. Wanaume walikuwa wamekaa kwa duara karibu na zizi. Walipotuona tunakaribia, wakasogea na kutupisha viti, wakidhani tunakuja kuaga.